Upande wa Juu

Kazini wananiita Rula. Jina hilo nililipata mwaka wangu wa pili katika chumba cha upasuaji, pale daktari mmoja aliponiona nikipanga mikasi kwenye trei huku nimefumba jicho moja, napima kama ncha zimelingana. Akasema huyu sista amemeza rula, watu wakacheka, na jina likaganda. Nilijitia kununa, ila moyoni nilifurahi kama mtoto aliyesifiwa mbele ya wageni. Kitu chochote kilichopinda nilikinyoosha, kilichozidi nilikikata. Nawaambia mapema msije mkadhani nilikuwa mzembe. Wazembe wana nafuu, maana wao hurudia kukagua.

Baba mkwe wangu alihamia kwetu mwaka ule mama mkwe alipofariki. Ni dereva wa treni mstaafu, mtu mrefu, mwenye mabega mapana na adabu za kuchosha. Kabla ya kutoka chumbani kwake hukohoa mara mbili, ili kama niko sebuleni nimekaa vibaya nijitengeneze. Miaka minane chini ya paa moja sikuwahi kumwona amenyoosha miguu mbele yangu. Wala hakuwa akisema nami moja kwa moja. Maneno yote yalipitia kwa mume wangu, ambaye ni fundi wa lifti na amezoea kupandisha na kushusha mizigo ya watu. "Mwambie mama watoto chai imekolea," mzee angesema, na birika liko mkononi mwangu, nimesimama mbele yake. Nami ningemgeukia mume wangu, "Mwambie baba asante." Watoto wetu waliona ni mchezo, na wamekaripiwa zaidi ya mara moja kwa kuuigiza.

Mimi nampenda mzee huyu. Nalisema sasa, kwa sababu mbele huko halitaonekana.

Ilianza na nguo. Alfajiri moja natoka kwenda zamu, nikamkuta nyuma ya nyumba, karibu na tangi la maji, ameinamia ndoo anafua. Mtu ambaye hata kikombe hajawahi kusuuza. Aliponiona aliisukuma ndoo kwa mguu nyuma ya tangi, akainua macho juu kana kwamba anakagua mabati. Maji ya ndoo yalikuwa na wekundu. Nikamwamkia, "Shikamoo baba," naye akaliitikia paa, "Marahaba."

Damu kwenye nguo ya ndani ya mzee wa miaka sitini na minane ni jambo ambalo muuguzi yeyote anajua la kufanya. Nilijua inaweza kuwa nini, na nilijua kila wiki inayopita ina uzito wake. Nikanyamaza miezi mitatu. Ningeanzaje kutamka habari za haja kubwa ya baba mkwe, mbele yake au mbele ya mwanawe? Kila nilipofungua mdomo niliuona ule uso umeinuliwa kwenye mabati, nikaufunga tena. Siku tisini nilikaa naye meza moja, nikimpakulia chakula, najua ninachokijua. Nimewahi kuwafokea ndugu za wagonjwa kwa mambo madogo kuliko hayo.

Mwishowe nilimwambia mume wangu akiwa anatengeneza pasi, kwa sababu macho yake yalikuwa kwenye nyaya. Alikwenda kumuuliza baba yake, akarudi baada ya dakika mbili.

"Anasema ni bawasiri."

"Na wewe umemwambia nini?"

"Nimwambie nini? Amesema mazungumzo yamekwisha."

Yakaisha kweli, mpaka siku mzee alipoishiwa nguvu kwenye kiti cha kinyozi wakamrudisha nyumbani nusu ya kichwa imenyolewa na nusu haijaguswa. Hapo hakuwa na ubavu wa kubisha. Tulimpeleka hospitali, ile ile ninayofanya kazi, kwa kuwa ndiyo pekee yenye vifaa. Alikuwa na uvimbe kwenye puru, ile sehemu ya mwisho ya utumbo kabla ya kutokea nje. Ulikuwa saratani, ila changa bado, na mdogo.

Zamani uvimbe wa namna hiyo ulimaanisha kupasuliwa tumbo kuanzia juu ya kitovu hadi kinenani, na wengi walirudi nyumbani na mfuko wa choo umebandikwa ubavuni maisha yao yote. Daktari wetu wa upasuaji, ambaye sote tunamwita Bingwa, alisomea njia nyingine. Yeye tumbo haligusi. Anaingiza mrija mfupi mpana kwa njia ile ile ya maumbile, anapuliza hewa ili mahali pale patanuke, anapitisha kamera na vyombo vyembamba virefu kama sindano za kufumia, kisha anatazama televisheni na kuukata uvimbe pamoja na pambizo la nyama nzima kuuzunguka. Pengo analishona humo humo ndani. Mgonjwa anaamka hana hata kovu la kumwonyesha mtu. Lakini njia hii ina sharti lake: lile pambizo lazima liwe safi pande zote. Ikibaki mbegu ya saratani upande mmoja, umefanya kazi bure.

Mzee alisikiliza maelezo hayo akitazama kalenda ukutani. Kisha akatoa masharti yake, mawili. La kwanza, mfuko hataki kuusikia. La pili alilitoa nyumbani, sebuleni, mimi nikiwa nimekaa viti viwili kutoka kwake.

"Mwambie mkeo," alimwambia mwanawe, "siku hiyo asiwemo mle ndani."

Mume wangu akanigeukia. Nikasema, "Mwambie baba sitakuwemo."

"Amesema hatakuwemo."

"Mwambie nimemsikia," mzee akasema, na kwa mara ya kwanza tangu ugonjwa ule uanze alikula akamaliza sahani.

Siku ya upasuaji, sista aliyepangwa kupokea kipande kitakachotolewa aliitwa chumba cha pili kwa mama mjamzito wa dharura. Sista mkuu akanifuata nikiwa nahesabu gauni kabatini.

"Rula, shika meza ya pembeni kwa Bingwa."

"Mgonjwa ni baba mkwe wangu."

"Ndiyo maana nikasema ya pembeni. Wewe uko chumba cha vifaa, yeye yuko kule. Utaletewa kitu kwenye bakuli. Hutaona chochote."

"Nilimwahidi, sista."

"Ulimwahidi hutakuwemo chumbani. Chumba cha vifaa kimekuwa chumbani tangu lini?"

Ningeweza kukataa. Wapo waliowahi kukataa kwa sababu ndogo kuliko hiyo na hakuna aliyewafanya kitu. Lakini mimi ndiye Rula, niombwe nishike ile meza, nami nikatae? Niliivaa ile hoja ya chumba cha vifaa kama gauni, nikafunga kamba nyuma, nikaingia.

Kazi yenyewe ni ndogo. Kipande kinachotoka kina upana wa kifuniko cha soda. Kikiachwa hivi hivi hujikunja kama jani kavu, na watu wa maabara hawawezi tena kujua ukingo ni upi. Kwa hiyo hutandazwa juu ya kibao cha sponji ngumu, kikabanwa kwa pini kuzunguka, ndipo kinatumbukizwa kwenye dawa. Na ili ijulikane kilikaaje mwilini, daktari hukitia nyuzi mbili kabla hajakitoa: uzi mrefu upande wa juu, unaoelekea tumboni, na uzi mfupi upande wa chini, unaoelekea nje. Wa kupokea anachotakiwa ni kuandika JUU penye uzi mrefu na CHINI penye uzi mfupi. Mtoto wa darasa la kwanza angeweza.

Mlango kati ya vyumba viwili ulikuwa umeachwa wazi. Sikuwa nimelifikiria hilo. Kutoka mezani kwangu, ukiinua kichwa tu, miguu yake hiyo hapo, imeinuliwa na kufungwa kwenye vishikio, nyayo zinatazama dari, na yeye amelala kwa dawa hajui lolote. Niliona kisigino kimoja chenye ufa. Niligeuza uso nikautazama ukuta, na sikuurudisha tena.

Msaidizi alileta bakuli. Nilisikia sauti ya Bingwa kutoka ndani, "Rula, uzi mrefu juu, kama kawaida!"

"Sawa, daktari," niliujibu ukuta.

Mikono yangu inaijua kazi. Ilikitandaza kile kipande, ikachoma pini nane kukizunguka, nafasi sawa kwa sawa. Kisha ikagusa uzi unaoning'inia nje ya kibao, ikachukua mkasi, ikaukata ulingane na mwenzake.

Nilisikia mlio wa mkasi ndipo nikaangalia.

Nyuzi mbili, urefu mmoja, zimependeza. Kipande kilikuwa mviringo, hakina uso wala kisogo. Nilikitafuta kile kiuzi nilichokikata nikakikuta kwenye pamba pamoja na vingine vitatu vya rangi ile ile. Bingwa alikuwa hatua sita kutoka pale, na jibu alikuwa nalo. Angekilinganisha na picha kwenye televisheni angeniambia mara moja. Ila kumfikia ningepita mbele ya miguu ile, nisimame pale alipolala bila nguo, niseme mbele ya watu watano kwamba Rula amekata uzi. Nilikaa labda dakika nzima. Halafu nikachukua kalamu, nikaandika JUU upande niliodhani, nikaandika CHINI upande wa pili, nikakitumbukiza kibao, nikafunga kifuniko. Mwandiko ulikuwa mzuri kama siku zote.

Mzee alirudi nyumbani siku ya pili kwa miguu yake mwenyewe. Majirani alikuwa amewaambia anakwenda kutengenezwa meno. Dada yake, shangazi wa mume wangu, mwanamke ambaye jambo likimpita halali, alikuja kumjulia hali, akavuta kiti karibu.

"Hebu cheka tuone."

Mzee akakenua meno yale yale ya miaka yote. Shangazi akayakagua kushoto na kulia.

"Wamekudanganya," akasema. "Rudi uwaambie."

Mume wangu alitoka nje kucheka. Mzee mwenyewe alicheka mpaka akashika mto, na nilipopita na trei ya vikombe alimwambia mwanawe, kwa sauti ya kunifikia, "Mwambie mama watoto ile hospitali yao ni ya watu wenye akili." Nilikwenda jikoni nikafungua bomba ili maji yafanye kelele, nikasimama pale mikono mitupu.

Siku kumi na moja baadaye majibu ya maabara yakatoka. Uvimbe wote umetoka, ukingo ni safi pande zote, isipokuwa mahali pamoja: upande wa juu. Pale mbegu zilifika hadi kwenye mkato. Bingwa hakushtuka. Alimwita mume wangu na mzee, akawaeleza kwamba shida iko upande mmoja tu na anajua ni upi, kwa hiyo atarudi kwa njia ile ile, aongeze kidogo pale juu, amalize. Tumbo halitaguswa. Safari hii hatamlaza usingizi kabisa, kifua cha mzee kilisumbua baada ya ile dawa ya usingizi. Atampiga ganzi ya mgongoni. Alhamisi.

"Anajua ni upi," mume wangu alinirudia nyumbani, amefurahi. "Yule mtu ana jicho! Anajua mpaka upande!"

Mimi ndiye niliyempa huo upande, na niliubahatisha.

Sasa niwaambie mtu anavyojidanganya. Kwanza nilijiambia huenda nilipatia. Nusu kwa nusu si hesabu mbaya, watu wamejenga nyumba kwa hesabu mbaya kuliko hiyo. Kisha nikajiambia sikubahatisha hata kidogo, mikono yangu ilikuwa inajua. Nilikaa kwenye kiti cha basi, kitini kwenye kantini, chooni, nikijaribu kukumbuka uzi ulining'inia upande gani, wa kidole gumba au wa kidole cha mwisho. Kila nilipokumbuka, uzi ulikuwa umehama. Na kama nilikosea, Bingwa atakwenda juu akate nyama nzima isiyo na hatia, ashone, atupongeze. Na kule chini mbegu zitabaki zinaota polepole, mzee anakunywa chai iliyokolea, mpaka siku zitakapofika mahali ambapo hakuna mrija wala kamera ya kuzifuata.

Jumanne nilitaka kumwambia mume wangu. Nilianza, "Ile siku ya upasuaji wa baba..." Akanitazama kwa uso ule wa furaha. "Nini?" Nikasema, "Nilisahau kuchukua gauni langu." Jumatano nilikwenda hadi mlango wa ofisi ya Bingwa, nikamkuta ana mgeni, nikashukuru kama mtu aliyeponea ajali. Nilikuwa najidharau kiasi kwamba nilishindwa kujitazama kwenye kioo cha kunawia, nikawa nafunga kamba za barakoa kwa kupapasa.

Alhamisi asubuhi nilimkuta Bingwa peke yake kwenye sinki, ananawa mikono hadi kwenye viwiko. Sijui nilipata wapi miguu.

"Daktari, ule upande wa juu sina hakika nao."

"Upande wa juu upi?"

"Wa baba mkwe wangu. Nilikata uzi mrefu. Nikaandika kwa kukisia."

Aliendelea kunawa. Nadhani masikio yalikuwa hayajamfikishia. Kisha akafunga maji kwa kiwiko, akabaki ameinua mikono, matone yanadondoka sakafuni.

"Ulikata?"

"Niliona hazilingani."

"Na hukuniita. Nilikuwa pale, Rula. Hatua ngapi? Sita?"

"Miguu yake ilikuwa mlangoni."

Nilidhani atafoka. Ningeshukuru angefoka. Alinitazama tu kwa muda, kama mtu anayetazama chombo alichokitumia miaka mingi na sasa hana hakika nacho, na mimi nilitamani sakafu ile ipasuke niingie.

"Mpango wangu wa leo haupo tena," alisema mwishowe. "Sikiliza. Naweza kukata pete nzima, kuzunguka kovu lote, juu na chini. Bado kwa njia ile ile. Lakini chini pale ni karibu na msuli unaofunga. Anaweza kukaa miezi hajizuii vizuri. Anaweza asijizuie vizuri tena kabisa. Au tufungue tumbo tutoe puru yote, apate huo mfuko. Au nikate juu kama karatasi inavyosema, tuombe Mungu. Yeye ndiye wa kuchagua, na hawezi kuchagua bila kuambiwa kwa nini anachagua. Nani atamwambia?"

"Mimi."

"Ukimaliza utaandika ripoti. Kwa mkono wako, hatua kwa hatua."

"Ndiyo, daktari."

"Na atakayekaa mezani leo, aseme yeye mwenyewe anamtaka nani. Ni mwili wake."

Chumba cha kusubiria kina vitanda vitatu na pazia moja lisilotosha. Mzee alikuwa kitanda cha mwisho, amevaa lile gauni letu lililo wazi nyuma, shuka ameivuta hadi kidevuni. Mume wangu alikuwa amekwenda dirishani kupanga foleni ya karatasi za ridhaa ya upasuaji. Nilisimama nikitazama kiti chake kitupu. Hapakuwa na mtu wa kupitishia maneno.

"Shikamoo baba."

"Marahaba." Akatazama upande wa mlango. "Yuko wapi huyu?"

"Kwenye foleni. Baba, nina neno, na siwezi kumsubiri."

Alijaribu kujiinua akae, akakumbuka gauni, akajilaza tena. Nilipiga magoti kando ya kitanda. Nikaanza. Nilimwambia kwamba siku ile nilikuwemo. Nikamwambia habari za chumba cha vifaa, na bakuli, na nyuzi mbili. Nilitumia maneno ya kazini mwanzoni, yakanikauka mdomoni, nikaishia kusema kama ninavyosema nanyi. Nilimwambia kwamba upande wanaotaka kuukata leo niliuandika mimi kwa kubahatisha, na kwamba nilikaa siku kumi na moja kungoja majibu na nyingine nne baada yake bila kumwambia mtu. Kisha nikamweleza njia tatu za Bingwa, moja baada ya nyingine, pamoja na ile ya kutojizuia, neno kwa neno, mimi mkwe wake. Sikuruka kitu.

Kitanda cha jirani mtu alikuwa anakoroma.

"Nilikuomba jambo moja," alisema.

"Ndiyo, baba."

"Moja tu."

"Ndiyo."

Uso wake ulikuwa umekunjamana kama wa mtu anayebeba kitu kizito peke yake. Nilidhani ananifukuza, nikaanza kuinuka.

"Uliniona?"

"Kisigino, baba. Kimoja."

"Usinifiche."

"Sikufichi. Niligeukia ukuta tangu mwanzo mpaka mwisho. Nilipokipokea kile kitu nilikuwa natazama ukuta. Ningeangalia, tusingefika hapa."

Alifumba macho. Kope zilikuwa zinamcheza. Nilimwona mzee huyu akifikiri, na nilijua anachofikiri hakiko mbali na ninachofikiri mimi: ile ndoo nyuma ya tangi, miezi ile mitatu, mimi na yeye kila mmoja anatazama kwake.

"Wakate pete nzima," alisema. "Tumbo langu waliache. Kama ni kujichafua, nitajifulia. Nimeshazoea."

"Nitamwambia daktari."

"Nani atakipokea hicho kipande?"

"Yuko sista mwingine leo. Ni mzuri. Mimi daktari amesema mpaka wewe useme."

"Yeye alishawahi kukata huo uzi?"

"Hapana, baba."

"Basi hajui unavyouma." Alivuta pumzi. "Wewe utaukata tena?"

"Sitaukata."

"Ingia wewe."

Alilisema akinitazama usoni. Miaka minane, na sikuwa nimewahi kujua kwamba macho yake yana rangi ya kahawia iliyofifia. Mimi ndiye niliyeinamisha kichwa. Lilikuwa limebaki neno moja, na nilitamani nilimeze, lakini nilikuwa nimemeza ya kutosha.

"Baba, leo si dawa ya usingizi. Ni ganzi ya mgongoni. Utakuwa macho muda wote. Utanisikia, utajua nimesimama wapi."

Hapo aliikaza shuka chini ya kidevu. Wahudumu walikuwa wameshafika na kitanda cha magurudumu, wamesimama kwenye pazia wakisubiri. Mume wangu naye alikuwa nyuma yao na karatasi mkononi, ananitazama mimi niliye magotini, haelewi. Mzee alimwona. Ningedhani angemwita, apitishe neno kwake kama siku zote. Hakumwita. Aliinua mkono, akaulaza juu ya uso wake.

"Mimi nitafumba macho," alisema. "Wewe usifumbe."